Mbio za matope Lufingo: mkwe wangu alininyooshea mkono mbele ya watu, nami nikauficha wangu

Wakuu, nawasalimu nyote kwa heshima, wakubwa kwa wadogo.

Humu mimi ni msomaji wa miaka mingi na mwandishi wa mara chache sana. Nina miaka sitini na sita, ni mzee wa kanisa huku Rungwe, na naandika kwa kidole kimoja. Makosa ya herufi mnisamehe.

Makosa ya habari hamtayaona, kwa sababu haya sikusimuliwa. Matope yenyewe yaliniingia mdomoni.

Kabla ya kuandika nimeomba ruhusa kwa mhusika. Amesema niandike, ila nisitaje shule yake.

Niwape kwanza picha ya nyumbani.

Nakaa Lufingo, kilimani, migomba nyuma ya nyumba na chai kidogo mbele. Mwanangu wa pili anafanya kazi mgodini Kanda ya Ziwa, anakuja likizo mara mbili kwa mwaka. Mkewe anaitwa Rehema. Ni mwalimu wa darasa la pili hapa jirani, na anaishi kwetu pamoja na mjukuu wangu Lusajo, ambaye ana miaka miwili na ndiye anayetawala kaya kwa sasa.

Rehema amekulia Dodoma. Siku za mwanzo alimuuliza mke wangu, "Mama, hivi huku mvua huwa inapumzika lini?"

Mke wangu akamjibu, "Hii unayoiona ndiyo imepumzika."

Sasa, kwa msiojua mila zetu Wanyakyusa.

Zamani mke wa mwana na baba mkwe hawakukutana kabisa. Akimwona anakuja njiani, mwanamke aliingia migombani mpaka mzee apite. Hawakugusana, hawakula pamoja, hawakutajana majina. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena ya juu kabisa.

Kanisa lilipokuja, na shule zilipokuja, mengi yalilegea. Siku hizi tunakaa ua mmoja na tunasalimiana. Lakini kwa wazee wa rika langu yapo yaliyobaki. Mkwe hatumpi mkono. Usoni hatumtazami. Jina lake hatulitaji. Nikitaka kitu nasema hewani, "Chai ipo?", au namtuma mke wangu.

Ndivyo nilivyoishi na Rehema miaka mitatu. Akiingia sebuleni, natoka. Akileta chakula, natazama dirishani mpaka aondoke. Na moyoni, wakuu, nilijiona baba mkwe mwema kuliko wote katika kata.

Alhamisi moja mke wangu akanifuata zizini, akaniita kwa jina la mzaliwa wetu wa kwanza.

"Baba Ambakisye, mkamwana wako ameandika barua ya uhamisho. Anarudi Dodoma na mtoto. Jumatatu anampa mwalimu mkuu."

Nikauliza amekosewa na nani.

"Na wewe."

Nikaweka ndoo chini.

"Anasema unamkimbia kama mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Alipojifungua hukumpa hata mkono wa hongera. Baba yake alipofariki, pole uliupa ukuta."

"Si umweleze kwamba ni heshima?"

"Nimemweleza mpaka nimechoka. Anasema heshima gani hiyo, miaka mitatu haijawahi kumwita jina."

Nimefundisha vijana wa kipaimara zaidi ya miaka thelathini. Somo la upendo nalijua bila kufungua daftari. Lakini siku ile sikujua pa kuanzia. Kumwendea na kumweleza mwenyewe, ana kwa ana, ndiko kuvunja jambo lenyewe nililokuwa nalilinda. Kunyamaza ni kumpoteza yeye na Lusajo.

Nikasali, nikangoja. Nilipanga Jumapili nimwombe mchungaji aje azungumze naye kwa niaba yangu. Ndiyo akili yangu ilipoishia.

Katikati hapo ikaingia Jumamosi, siku ya mbio.

Vijana wa kanisa, wakishirikiana na wenzao wa Masoko na Lupepo, walikuwa wameandaa mbio za matope. Waliziona kwenye simu, wakasema matope tunayo, vilima tunavyo, tunangoja nini? Njia ilianzia uwanja wa mpira, ikashuka bondeni hadi kijitoni, ikapanda tena uwanjani. Njiani wakaweka vizuizi, wao wanaviita challenge. Timu ni watu wanne, umri wowote.

Wakati wa matangazo kijana mmoja akasema kanisani, "Wazee wetu msiwe na wasiwasi, viti na miavuli vitakuwepo." Watu wakacheka.

Mimi nina marafiki watatu ambao natembea nao kila asubuhi tangu daktari alipotuambia habari za sukari. Asajile alikuwa mpimaji wa majani ya chai kiwandani, sasa amestaafu, mdomo wake haujastaafu. Hamisi ni fundi cherehani sokoni Tukuyu, babu yake alitokea Kilwa, na yeye amezaliwa hapa hapa. Wa tatu ni Gwakisa, mtu wa maneno machache.

Asajile aliposikia habari ya viti, akaenda kutuandikisha wote wanne bila kumuuliza mtu. Jina la timu aliandika "Sukari".

Jumamosi ilifika baada ya siku mbili za mvua. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima na baridi ilikuwa ile ya kuingia kwenye mifupa. Gwakisa alikuja na bodaboda, akashuka kwa mguu mmoja. Goti lilikuwa limevimba kama papai.

Kijana wa daftari akatuambia kwa upole, "Wazee wangu, watu watatu siwezi kuwaandika. Hapo kuna viti."

Asajile akageuka huku na huku akitafuta mtu. Hamisi ndiye aliyeona.

Rehema alikuwa pembeni na mke wangu, amembeba Lusajo mgongoni, na watoto wake wa darasa la pili wamemzunguka. Alikuwa na suti ya michezo na raba.

"Mwalimu!" Hamisi akapaza sauti. "Raba unazo, miguu unayo, njoo utuokoe!"

Asajile akamvuta shati. "Hamisi, wee! Huyo ni mkwe wake!"

"Mkwe wa nani?"

"Wa huyu hapa!"

"Sasa kwani wakwe wa Kinyakyusa hawakimbii?"

Watu wakacheka. Rehema akatazama chini, halafu akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja niseme neno.

Mimi nikatazama goli.

Mke wangu hakungoja. Akamfungua Lusajo mgongoni kwa mama yake, akasema kwa sauti niliyoisikia vizuri, "Nenda mwanangu. Ukiona hakutazami, mkanyage."

Basi tukawa wanne.

Sitawachosha na kila kizuizi. Kulikuwa na vigogo vya migomba vilivyorundikwa, vinateleza kama sabuni. Asajile alivipanda mara tatu na kushuka mara tatu, bila yeye kupenda. Kulikuwa na kamba za katani ambazo unatambaa chini yake kwa tumbo. Hamisi alikwama kofia, akarudi kuifuata, akasema kofia hiyo ina umri mkubwa kuliko waandaaji.

Kulikuwa na ukuta wa mianzi, mrefu kuliko mimi. Sisi tulikuwa bado tunajadili nani atangulie, Rehema akarudi nyuma hatua nne, akakimbia, akapita.

"Dodoma mnalima kuta?" Asajile akamuuliza kutoka upande wetu.

"Tunaruka mbuzi, Babu!"

Wanafunzi wake walikuwa wanakimbia kando ya njia, "Mwalimu! Mwalimu!", wakiteleza na kuinuka. Nilimsikia akicheka. Nikagundua kwamba katika miaka mitatu sikuwahi kumsikia akicheka karibu yangu.

Lakini wakuu, niseme ukweli nilioahidi. Njia nzima akili yangu haikuwa kwenye mbio. Nilikuwa nahesabu nafasi. Akiwa kulia nahamia kushoto. Akisimama, napita nyuma ya Hamisi. Nilihakikisha kila mara kuna mwanaume mmoja kati yetu. Nilichoka kwa hilo kuliko kwa kilima.

Samahani, ngoja nikafunge ndama, narudi.

Nimerudi.

Kizuizi cha mwisho kilikuwa dimbwi. Vijana walikuwa wameziba kijito siku kadhaa, maji yakatuama, matope meusi yakajaa. Upana kama hatua ishirini. Kijana mrefu yalimfika kiunoni. Sheria yake: watu wanne mnashikana mikono, mnaingia pamoja, mnatoka pamoja. Mnyororo ukikatika, mnarudi mwanzo wa dimbwi.

Asajile, ambaye ni Mnyakyusa na alijua shida yangu bila kuambiwa, akapanga haraka. "Wewe mbele. Mimi nakushika. Hamisi ananishika. Mwalimu nyuma kabisa."

Nilimshukuru Mungu kwa rafiki wa namna ile. Hamisi akamnyooshea Rehema mkono, akasema, "Nimewapima wanawake wa Tukuyu nguo miaka arobaini, mwalimu. Mkono kwangu ni sentimita tu."

Tukaingia.

Baridi ya maji yale yanayotoka mlimani, siwezi kuielezea. Tulikwenda vizuri hadi katikati. Hapo gambuti la Asajile likanaswa. Akavuta mguu, ukatoka bila gambuti, akakaa chini ndani ya matope hadi shingoni, mikono yote miwili imetuachia. Hamisi akamrukia kwa mikono miwili kumshika kichwa kisizame. Vijana wawili wa kamba wakakimbilia upande ule.

Mimi nilipoachiwa nikayumba hatua mbili pembeni. Sikujua kwamba hapo ndipo mkondo wa kijito ulikuwa umechimba. Nikashuka. Matope yakanifika kifuani, miguu ikashikwa, pumzi ikawa fupi. Kwa umri wangu baridi ya kifua si mchezo. Nilijaribu kupiga kelele, matope yakaingia mdomoni.

Rehema aliona kabla ya wote. Akageuka, akaja, akasimama mahali penye chini pagumu, akanyoosha mkono.

"Baba, shika."

Ulikuwa karibu kabisa. Mkono wa kulia, matope hadi kiwikoni.

Sikuushika.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri kwanza. Sikufikiri. Mkono wangu wenyewe ulikwenda nyuma ya mgongo wangu, kama mtoto anayeficha sukari guru. Nikageuza uso. Nikaita, "Asajile!" Na Asajile wakati huo alikuwa anatema matope.

Nilipoangalia tena, mkono wa Rehema ulikuwa bado upo pale pale. Halafu ukashuka polepole.

Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza swali zamani na sasa amepata jibu. Akawageukia vijana wa kamba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, njooni mumsaidie mzee."

Mzee. Kama mzee yeyote wa barabarani.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Jumatatu haipo. Barua imeshakabidhiwa, imekabidhiwa hapa, na aliyeipokea ni mimi.

"Rehema!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Kina mama kwenye ukingo wakasogea kuona. Rehema alikuwa amenipa mgongo. Akageuka.

"Rehema, mwanangu. Nipe mkono. Nimekosea."

Alinitazama. Mara hii nami nilimtazama, na ndiyo mara ya kwanza nikajua kwamba Lusajo amechukua macho ya mama yake.

Halafu akasema, "Sasa utaushika, au utaukimbia tena?"

"Nitaushika."

Akarudi. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Mvuto wa kwanza haukufaa. Wa pili akaingiza mkono mwingine chini ya kwapa langu, kama unavyomnyanyua mtoto kwenye beseni, nikatoka nikiwa na gambuti moja.

Kwenye ukingo bibi mmoja akasema, "Kyala!", yaani Mungu wangu, akajifunika uso kwa khanga. Mzee mwenzangu mmoja wa kanisa alikunja mwavuli wake akaondoka. Mke wangu alipiga vigelegele peke yake, hakuna aliyemwitikia, naye hakujali.

Kijana wa daftari akaja mbio. "Wazee, poleni sana, lakini mnyororo umekatika. Mnarudi mwanzo."

"Mwanzo wa wapi?" Asajile akamuuliza. "Wa dimbwi au wa uumbaji?"

Tukarudi. Hakuna aliyepanga mstari safari hii. Rehema alikuwa mbele, mimi nikamshika yeye, Hamisi akanishika mimi, Asajile nyuma na mguu wake mmoja mtupu. Tulivuka, tukapanda kilima, tukafika wa mwisho kabisa. Waliotutangulia walikuwa wameshaoga na wanakula ndizi za kuchoma.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha.

Jumapili baada ya ibada wazee wenzangu wawili walinikalisha. Waliniambia nimewaaibisha, na kwamba wana wao wakija kuoa watawaambia nini. Niliwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu wana haki ya kuuliza. Niliwajibu kwamba baba zetu waliweka jambo lile ili binti wa watu akija kwetu atunzwe. Kama binti analia chumbani kwa sababu yake, basi kile walichokitaka baba zetu hakifanyiki nyumbani kwangu. Mmoja alielewa. Mwingine mpaka leo salamu yake ni ya mbali, nami namwombea na kumngoja.

Mchungaji sikumwita tena.

Jumapili ile mchana nilimwomba mke wangu amwite Rehema jikoni. Tukakaa watatu kando ya moto, ndizi zinachemka. Nikamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikimtazama.

Nilimweleza kwa nini natazama dirishani. Nilimweleza kwamba siku Lusajo alipozaliwa niliingia migombani, nikapiga magoti kumshukuru Mungu hadi suruali ikalowa. Kwamba baba yake alipofariki nilifunga siku mbili bila kula, nikimwombea yeye kwa jina lake, Rehema, Rehema, asije akavunjika moyo ugenini.

Alisikiliza akikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta kwa kiganja.

"Baba, haya yote ulikuwa unamwambia nani?"

"Mungu."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Wakuu, nimeketi kwenye semina nyingi za neno, nimesikia wahubiri wakubwa. Swali lile halijawahi kuulizwa mbele yangu.

Nilimwomba msamaha tu.

Barua hakuipeleka Jumatatu. Alimwambia mke wangu kwamba ameamua kuimaliza kwanza miezi iliyobaki ya mwaka wa shule, kisha ataona. Hiyo ilikuwa miezi mingi iliyopita. Mwaka ule uliisha, mwingine ukaanza, na bado anafundisha hapa. Sijawahi kumuuliza barua iko wapi. Ni yake.

Asubuhi ya Jumatatu ile, siku moja baada ya mazungumzo ya jikoni, nikiwa na ari mpya, nilimkuta uani nikamnyooshea mkono kumsalimia. Akarudi nyuma hatua moja, akicheka.

"Aa, Baba! Tusipeane mkono kila siku, wazee wenzako watakumaliza. Mimi ningekuwa nimejua tu, yangenitosha. Niite jina, basi."

Kwa hiyo hadi leo mikono hatupeani. Ile ya dimbwini ndiyo pekee. Heshima iko pale pale, tena naona imeongezeka. Lakini kila asubuhi namwita, "Rehema, umeamkaje?", naye anaitika kutoka jikoni, "Salama, Baba. Shikamoo." Chai siombi tena hewani.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa na mema mengi juu ya huyu binti, yote nimeyapeleka juu, hakuna hata moja nililompa mwenyewe. Nilidhani anayaona. Aliyoyaona yeye ni mgongo wangu. Namshukuru Mungu kwamba alinifundisha hilo nikiwa bado hai, na kwamba hakuniona mkubwa mno wa kufundishiwa matopeni.

Najua humu wapo Wanyakyusa wenzangu watakaosema nimevunja mila. Semeni, nitasoma kila neno na nitajibu kwa kidole changu hiki. Wapo pia wa makabila mengine wenye taratibu zao za wakwe, ningependa kuzisikia.

Lakini kabla hujaandika hapa chini kwamba kwenu mkwe anaheshimiwa sana, nakuomba kwa unyenyekevu, nenda kamuulize yeye kama analijua hilo. Halafu rudi utuambie alivyokujibu.